Mlango wa Nane

Kituo Zohali kilikufa Alhamisi,
baada ya taarifa ya habari, kabla ya tangazo la sabuni.
Kapteni Ilvane ameshika kitasa cha mlango wa nane,
nyuma ya mlango kitu kinapumua,
yakapanda majina ya waigizaji.
Alhamisi iliyofuata wakaleta mieleka.

Mimi na Singano tulikaa mbele ya runinga ya kwao,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
tukisubiri kama watu waliokopesha.
Mieleka ikaisha. Singano akasema,
"Basi tufungue wenyewe."

Nikachukua daftari la duka,
upande wa pili wa deni la mchele,
nikachora mkono, nikachora kitasa.
Mkono ulitoka kama mguu wa kuku.
Tukauacha hivyo hivyo.
Ukurasa wa pili Kapteni aliachia kitasa:
hatukujua nyuma yake kuna nini
na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri.

Hiyo ni miaka kumi na mmoja.
Ukurasa mmoja kila Alhamisi,
napiga picha kwa simu, naupandisha bando likiwepo.
Nimekosa Alhamisi kumi tu:
malaria mara tatu, mtihani, msiba wa baba,
na tano sisemi.

Nachorea stesheneri ya Shekidele ikishafungwa,
kwenye karatasi zilizotafunwa na mashine ya kopi:
upande mmoja cheti cha kuzaliwa cha mtu wa Makorora,
upande wa pili Zohali.
Ukiinua kwenye taa
mtoto wa watu ana pete kichwani.

Sijapanda hata ndege.
Korido za kituo nimezitoa Hospitali ya Bombo,
ile rangi ya kijani inayoishia kiunoni.
Injini ni korona ya mkonge, njia ya Kigombe;
niliikuta imezimwa, ndani popo.
Popo nao nimewachora.

Tabu ilikuwa sauti.
Kitu kikianguka majini ni chubwi,
mchangani tifu, matopeni tapwi, sakafuni pu.
Haya, chombo kikianguka
pasipo maji, mchanga wala chini,
kinaangukaje?
Singano, mwenye maneno, aliwaza wiki nzima,
akaniletea kiputo kikubwa
kitupu.
Hajaandika kitu kizuri kama kile.

Kisha akaoa Muheza, akawa anapima machungwa.
Maneno yake yakapungua: sentensi, neno,
halafu "malizia mwenyewe."
Sikumlaumu.
Nilimlaumu kidogo.
Yule mhandisi aliyempenda nikampeleka mwezi wa barafu
nikamsahau huko kurasa thelathini.

Mwaka huu Mwanahawa, binti wa Shekidele,
akaja na flashi: vipindi vyote ishirini na sita, picha safi.
Akatokea Kapteni.
Shingo ndefu, meno yamepangwa kama vigae.
Nikauliza, "Huyu nani?"
Mwanahawa akacheka. Sikuwa natania.

Kapteni wangu ana pengo.
Ana kovu la mafuta ya moto mkono wa kushoto,
na akiwaza huvuta kitenge mabegani
dhidi ya baridi ya ombwe.
Nikamkumbuka mama, miaka ile,
kaacha kikaango cha mihogo nje ya Mkwakwani
kainamia simu yangu, anauliza,
"Kitenge changu kimefikaje huko?"
Nilidhani utani.

Nikachomoa flashi.
Yule mwanamke aigize tu. Hakuna ubaya.

Juzi Singano kaingia na kiroba cha machungwa,
kitambi mbele, kabla hata ya salamu:
"Mlango ulishafunguliwa?"
"Bado."
"Miaka yote hii?"
"Nilikuwa na mengi."

Akavuta kiti cha wateja.
Mkono wa Kapteni nimeuchora upya,
kovu lake, kitasa chini ya kiganja,
na juu ya mlango kiputo kinachongoja.
Singano kaandika neno moja.
Nimelifuta.
Kaliandika tena, kwa wino.
Saa saba usiku, tunabishana,
karatasi inanuka maganda.